Dawon Kahng: Mtu aliyefungia umeme ndani ya simu yako

Msikilizaji, ukizima simu usiku na kuiwasha asubuhi, picha, namba na nyimbo zako unazikuta palepale. Umeme ulikatika, lakini kumbukumbu haikupotea. Chanzo cha jambo hilo ni kazi ya mwanasayansi wa Korea ambaye wataalamu wa elektroniki wanamheshimu sana, Dawon Kahng.

Kahng alizaliwa Seoul mwaka 1931, Korea ikiwa chini ya utawala wa Japani. Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950 alikuwa na miaka 19. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, kisha mwaka 1955 akaenda Marekani kusoma Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Alihitimu shahada ya uzamivu mwaka 1959.

Mwaka huohuo alijiunga na maabara za Bell, New Jersey. Huko alifanya kazi na Mohamed Atalla, mhandisi mzaliwa wa Port Said, Misri. Wawili hao walitengeneza aina mpya ya transista, yaani swichi ndogo sana ya umeme, iitwayo MOSFET. Leo simu moja ina mabilioni ya swichi za aina hiyo, lakini wakati ule wakubwa wa maabara hawakuipa uzito.

Swichi hiyo ilikuwa na upungufu mmoja: umeme ukikatika, inasahau. Mwaka 1967 Kahng na mwenzake Simon Sze, mzaliwa wa China, walipata jibu. Inasimuliwa kwamba wazo liliwajia wakiwa kwenye chakula cha mchana, mbele yao keki ya matabaka. Wakajiuliza itakuwaje wakiongeza tabaka moja zaidi ndani ya transista.

Tabaka hilo walilizungushia pande zote kitu kisichopitisha umeme. Chembe za umeme, yaani elektroni, zikisukumwa kwa nguvu hupenya na kuingia. Nguvu ikiondolewa, hunaswa humo kama samaki ndani ya dema. Penye elektroni husomeka sifuri, pasipo nazo husomeka moja. Kwa tarakimu hizo mbili huandikwa kila picha na kila sauti.

Miaka ya 1980, Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, aliliendeleza wazo hilo akabuni memori ya flashi. Ndiyo iliyomo kwenye kadi ya simu, kwenye flashi ya kuchomeka, na kwenye diski za kompyuta ziitwazo SSD. Muundo wa tabaka umebadilika katika nyingi za kisasa, ila kazi ni ileile ya kunasa elektroni.

Diski ya zamani ina sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kinachosoma juu yake. Kompyuta ikianguka, kichwa kinaweza kukwaruza sahani. SSD haina kitu kinachozunguka. Inawaka haraka, haipigi kelele, inastahimili mitikisiko na hula umeme kidogo, faida kubwa kwa anayetegemea betri au sola.

Hata hivyo, haidumu milele. Kila unapoandika na kufuta, ukuta unaozuia elektroni huchakaa kidogo. Ikikaa miaka bila umeme, elektroni zinaweza kuvuja. Ikifa, mara nyingi haitoi dalili. Kwa hiyo picha za wazazi, vyeti na hesabu za shamba ziwe na nakala mahali pengine.

Kahng aliondoka Bell mwaka 1988 akawa rais wa kwanza wa taasisi ya utafiti ya NEC, Princeton. Alifariki mwaka 1992, akiwa na miaka 61, kabla simu za mkononi hazijaenea duniani. Mwaka 2009 yeye na Atalla waliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Wavumbuzi nchini Marekani, Kahng akiwa amekwisha kufariki.