Nabongo Mumia na Vita vya Chetambe

Wasomaji wetu wamezoea kuona katika kurasa hizi maisha ya masheikh wa pwani, au ya wale Waislamu wa nchi za mbali waliosimama kupigania nchi zao, kama Amiri Abdulkadir wa Aljeria na Omar Mukhtar wa Libya. Safari hii tumemchagua mtu wa bara, naye ni Mwislamu, ambaye hakupigana na Wazungu bali alipigana pamoja nao. Wako watakaouliza faida ya kumsoma mtu kama huyo ni nini. Jawabu letu ni kwamba vita vile havikuwa vyake peke yake. Sisi watu wa pwani tulikuwamo, kwa baruti yetu, kwa misafara yetu, na kwa ndugu zetu katika dini waliovaa sare za askari. Bara khabari hizi zinajulikana mpaka kwa watoto, pwani hazitajwi.

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Uganda huvuka mpaka Busia au Malaba, na baina ya miji hiyo miwili, katika nchi ya Wateso, ndipo ilipo Alupe. Leo hapo ni ukingoni mwa Kenya. Alipozaliwa Mumia, katikati ya karne ya 19, hapakuwa na ukingo wowote. Nchi ile yote, tangu Ziwa hata mlima Elgon, ilikuwa ya makabila na koo nyingi, Wasamia, Wamarachi, Wateso, Wabukusu, Wajaluo wa Ugenya na wengineo, na aghlabu kila ukoo ulitawaliwa na wazee wake wenyewe. Wawanga, waliokaa karibu na mto Nzoia, walikuwa na jambo lao mbali: walikuwa na mfalme wa kurithi, aitwaye Nabongo.

Baba yake Mumia, Nabongo Shiundu, aliipokea misafara ya pwani iliyokuja kutafuta pembe. Waswahili, kwa kuwa jina la mfalme liliwawia zito ulimini, wakauita mji wake Kwa Sundu. Hapo walipumzika, wakanunua chakula, wakaweka mizigo, na baadhi yao wakaoa. Mumia alikulia katika mji uliokwisha kuzoea kanzu na adhana. Aliporithi kiti cha baba yake, yapata mwaka 1882, alirithi pamoja nacho urafiki wa wageni na uadui wa majirani. Kusini Wajaluo wa Ugenya walikuwa wakimsogelea mwaka hata mwaka, na kaskazini Wabukusu hawakuwa wakimtambua. Hili ni jambo la kuzingatiwa na kila atakaye kumhukumu. Mfalme aliyebanwa pande mbili hutafuta mwenye nguvu wa kumwegemea, na wafalme wetu wa pwani nao walifanya hivyo hivyo kwa Wareno, kwa Waomani na kwa Waingereza.

Wenye nguvu wakaja mmoja baada ya mmoja. Mwaka 1883 alipita Joseph Thomson. Mwaka 1885 alikuja Askofu Hannington, akaacha sehemu kubwa ya msafara wake Kwa Sundu, akaendelea na watu wachache mpaka Busoga, na huko akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mwaka 1889 alifika Frederick Jackson wa Kampuni ya Kiingereza, akafanya mapatano na Mumia, kisha akaenda zake upande wa Elgon kuwinda ndovu. Naye akiwa huko, mwanzoni mwa 1890, akatokea Mjerumani Carl Peters, akazifungua na kuzisoma barua za Jackson zilizokuwa zimewekwa pale, akapandisha bendera ya Kijerumani. Mumia akawakirimu wote. Mgogoro wa bendera zile haukuamuliwa na yeye wala na mtu yeyote wa nchi ile. Uliamuliwa Ulaya mwezi wa Julai mwaka huo huo, Waingereza na Wajerumani walipogawana.

Mwaka 1894 Waingereza walimweka Frederick Spire Kwa Sundu pamoja na askari, na mwanzoni mwa 1895 akafuata C. W. Hobley kuwa mkuu wa nchi. Mumia aliwapa mahali pa kujenga na chakula cha kula. Askari wao walikuwa Wasudani, Waislamu, mabaki ya jeshi la Emin Pasha ambao Lugard aliwakuta upande wa magharibi wa Uganda mwaka 1891 akawaingiza katika kazi yake. Basi bwana alikuwa Mwingereza, na aliyeshika bunduki alikuwa mtu mwenye kuswali.

Sasa tuje kwenye vita venyewe, nasi tutavieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndivyo vinavyokumbukwa. Wabukusu, ambao majirani na misafara waliwaita Wakitosh kwa jina wasilolipenda, walikaa ndani ya vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Bunduki walizokuwa nazo zilitoka kwetu. Wapagazi na askari waliotoroka misafara waliziuza kwa chakula na mifugo. Na si bunduki tu waliyoijua kutoka kwa watu wa pwani. Baadhi ya misafara ilikwisha kuvishambulia vijiji vyao, ikachukua ng'ombe na kuteka watu. Mwislamu wa pwani asomaye haya asiharakishe kukana. Wasafiri wengi waliyaandika, na wazee wa nchi ile waliyahifadhi.

Spire alitaka bunduki zile zirudishwe. Akapeleka kikosi cha askari 25 kwenda kuzichukua, na Wabukusu wa Lumboka wakawaua karibu wote. Waingereza hawakuliacha lipite. Mwaka 1895 walikusanya jeshi ambalo nchi ile haikupata kuliona mfano wake: Wasudani, Waganda waliokuja chini ya Semei Kakungulu, mashujaa wa Kimasai, na Wawanga wa Mumia. Walianzia Lumboka, na baada ya mapigano makali wakaivunja. Waliosalia wakakimbilia ngome ya Chetambe, juu ya kilima karibu na Webuye, wakajifungia humo pamoja na wake zao, watoto wao na mifugo yao. Wakapigana kwa mikuki na bunduki chache mpaka ukuta ulipoingiliwa. Wengi waliuawa, na wanawake, watoto na ng'ombe wakachukuliwa mateka.

Mwaka ule ule wa 1895, mwezi wa Agosti, wanamaji wa Kiingereza waliishambulia Mwele, ngome ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, huku kwetu nyuma ya Mombasa. Mbaruk aliendelea kupigana mpaka Aprili 1896, alipovuka akajisalimisha kwa Wajerumani, na akafa Dar es Salaam mwaka 1910. Pwani tumeyahifadhi majina ya Mwele na Gazi, na ni haki yake. Lakini hatujamsikia mtu akiyataja pamoja Mwele na Chetambe, ingawa ilikuwa dola moja, mwaka mmoja, na sababu moja, yaani watu waliotaka kujiamulia mambo yao. Tofauti ni kwamba Mwele Waislamu walikuwa ndani ya ngome, na Chetambe walikuwa nje wakiivunja.

Hao Wasudani nao hawakupata walichotarajia. Mwaka 1897, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, mshahara mdogo na kutengwa na watu wao, waliasi, wakapigana na mabwana wao mpaka ngome ya Luba huko Busoga, wakashindwa.

Baada ya Chetambe mambo ya Mumia yalinyooka. Mwaka 1896 Waingereza waliwapiga Wajaluo wa Ugenya, adui zake wa tangu zamani, na Wawanga walikuwa pamoja nao. Mwezi wa Aprili 1902 nchi yake yote, iliyokuwa chini ya Uganda, ikahamishiwa katika utawala ambao baadaye uliitwa Kenya, na mto Sio na mto Malaba ikawa sehemu ya mpaka. Wateso wakajikuta wamekatwa vipande viwili. Wale wa magharibi walitawaliwa na mawakala wa Kiganda waliowekwa na Kakungulu, yule yule wa Chetambe. Wale wa mashariki, tangu Malaba mpaka Alupe na Busia, wakawekewa wakuu wa Kiwanga. Mwaka 1909 Serikali ilimpa Mumia cheo cha chifu mkuu, na ndugu zake na jamaa zake wakawa machifu juu ya watu ambao Shiundu hakupata kuwatawala hata siku moja. Kodi ya nyumba ilikusanywa kwa jina lao, na watu wa kazi walitolewa kwa amri yao.

Hapa tunasema tunaloliona. Ufalme huo mpana haukuwa wa Mumia. Aliazimwa, kama mtu aazimwavyo joho siku ya arusi, na mwenye joho alipolitaka alilichukua. Yapata mwaka 1920 makao makuu ya wilaya yaliondolewa Mumias yakapelekwa Kakamega. Mwaka 1926 mzee akastaafishwa kwa malipo ya uzeeni, na cheo cha chifu mkuu hakikupewa mwingine, ijapokuwa jamaa zake walikidai. Katika miaka ya 1930 makabila yaliyowekwa chini ya Wawanga yalidai machifu wao wenyewe, wakiwamo Wateso, na wengi wao wakawapata.

Katika maisha yake hayo Mumia alisilimu, yeye na wengi wa ukoo wake, na mji wake ukawa kitovu cha Uislamu katika sehemu zile. Hili ni jema lisilopingika, na misikiti ya Mumias ni ushahidi wake. Hata hivyo twapaswa kutazama tulichompelekea. Tulimpelekea nguo, baruti, vilemba na maulidi. Hatukumpelekea madrasa ya kufundisha watoto wa watu wote kusoma na kuandika, wala hatukumpelekea wanavyuoni wa kumweleza kwamba damu na mali ya jirani asiye Mwislamu pia ina hukumu zake. Waquaker walifungua Kaimosi mwaka 1902, na Waanglikana wakafungua Maseno mwaka 1906. Kutoka shule za namna hiyo walitoka walimu na makarani walioandika malalamiko dhidi ya machifu wa Kiwanga kwa Kiingereza safi, wakayapeleka mpaka serikalini. Muislamu wa Mumias alibaki na heshima ya mahakama ya chifu, na heshima hiyo ilipopungua hakuwa na kalamu ya kujitetea. Na kwa mkulima wa Kibukusu au wa Kiteso, aliyemjua Mwislamu kwanza katika sura ya mteka watu, kisha ya askari, kisha ya mtoza kodi, tulitaraji aipende dini yetu kwa sababu gani?

Mwezi wa Septemba 1947, Elijah Masinde, Mbukusu wa Kimilili na kiongozi wa Dini ya Msambwa, alikusanya wafuasi wake juu ya kilima cha Chetambe kuwaombea waliouawa pale miaka 52 iliyopita. Palikuwa na wazee waliokuwa watoto siku ile ya vita. Masinde hakuwa wa dini yetu, na mengi aliyoyafundisha hatukubaliani nayo, lakini alilolidai ni kwamba Wazungu waondoke na nchi irudi kwa wenyewe. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, si mbali na Malaba, wakaua watu 11. Siku chache baadaye Masinde alikamatwa.

Mumia alikuwa bado hai, mzee wa karibu miaka 100, akiishi katika mji uliobeba jina lake. Alifariki tarehe 24 Aprili 1949, na kaburi lake liko Matungu pamoja na makaburi ya ukoo wake. Masinde wakati huo alikuwa uhamishoni. Serikali ilikuwa imemleta pwani, ikamweka Lamu.