Adrian Atiman: Kifaransa Kilichomfikisha Karema

Sisi mafrateri tukianza Kifaransa hulalamika kwamba herufi zake huandikwa nyingi na kutamkwa chache. Lakini tuna mwalimu, tuna kamusi, na tukikosea tunacheka. Tumkumbuke mtu aliyeanza lugha hiyo bila kuichagua.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Mwaka 1876, mjini Metlili, Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walimnunua ili kumkomboa. Kwa mtoto wa miaka kama 10, Kifaransa kikawa lugha ya shule, ya katekisimu na ya nyumba mpya. Alibatizwa mwaka 1882.

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alitaka Waafrika watibiwe na kufundishwa dini na Waafrika wenzao. Vijana kadhaa waliokombolewa walipelekwa kisiwani Malta kusomea udaktari, na Atiman alikuwa mmoja wao. Elimu yote ya tiba ilimfikia kwa lugha za kigeni. Hakupata hata somo moja kwa lugha ya mama yake.

Mwaka 1888 alianza safari ya kuja kwetu. Njia ya misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikaelekea Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi watumwa na pembe za ndovu vilishushwa pwani kwa njia hiyo. Atiman, aliyewahi kuuzwa, aliipanda kuelekea bara akiwa mganga na katekista. Mwaka 1889 alifika Karema, ambako wamisionari walikuwa wamekabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885.

Karema, Kifaransa kilimfaa mbele ya mapadre. Mbele ya mama aliyembeba mtoto mwenye homa hakikufaa kitu. Daktari huyo aliyesoma ng'ambo ikambidi awe tena mwanafunzi wa lugha, safari hii akifundishwa na wagonjwa na majirani zake. Alimwoa Agnes Wansabira, binti wa Kibende, na mwana wao Joseph akawa padre. Atiman alihudumu Karema kwa miaka 67, hadi alipofariki mwaka 1956.

Mtu anaweza kuuliza kama lugha ya wale waliomnunua haikumfunga upya, hata kama walimnunua kwa wema. Nadhani jibu lake ni maisha yake. Alipokea Kifaransa, akavuna elimu iliyokuwa ndani yake, kisha akaipeleka elimu hiyo kwa watu wasiojua hata neno moja la Kifaransa. Tunapofungua daftari la vitenzi, tujiulize ni mgonjwa gani anayetungoja mwisho wa njia.