Nabokov na Vipepeo wa Samawati

Wengi wamjua Vladimir Nabokov kwa riwaya zake. Wachache wajua kwamba alikuwa pia bingwa wa elimu ya vipepeo. Alizaliwa St. Petersburg, Urusi, mwaka 1899, na tangu utotoni aliwawinda kwa wavu. Mapinduzi yalimtoa kwao, vita vikamtoa Ulaya, na mwaka 1940 akafika Marekani.

Huko alifanya kazi katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, akiwachunguza vipepeo wadogo wa samawati warukao juu ya nyasi na maua. Kwa macho matupu hufanana kama pacha. Yeye aliwapambanua kwa hadubini, akihesabu safu za magamba ya mbawa na kupima viungo vya uzazi vya madume, hata macho yake yakadhoofika.

Mwaka 1945 aliandika kwamba jamaa za samawati wa Amerika walitoka Asia kwa mafungu matano, kupitia Bering. Wataalamu wengi hawakumjali mtunzi huyu wa hadithi. Alifariki Uswisi mwaka 1977. Mwaka 2011 uchunguzi wa chembe za urithi ulithibitisha mafungu yote matano. Haki yake ilikawia miaka 66, na mwenyewe hakuiona.