George Washington Carver: aliyetafuta rangi na gundi ndani ya viazi na karanga

Mkulima wa pamba wa Bunda anajua jinsi shamba linavyochoka. Wa Butiama au Musoma naye anajua tabu ya kuvuna mihogo na viazi vingi, mnunuzi asionekane. Leo tunawaletea habari za mtu aliyehangaika na mambo hayo mawili, mbali kidogo na Mara: kwenye majimbo ya kusini ya Marekani.

George Washington Carver alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri, karibu mwaka 1864. Angali mchanga, majambazi walimwiba pamoja na mama yake. Mtoto alirudishwa, mama hakuonekana tena. Alisoma huku akiwafulia watu nguo apate fedha, hadi akahitimu shahada ya uzamili ya kilimo mwaka 1896. Mwaka huohuo akaenda kufundisha Tuskegee, Alabama.

Huko aliwakuta wakulima weusi, wengi wakilima mashamba ya wenyewe, pamba juu ya pamba, na udongo umekwisha nguvu. Akawashauri wapande pia kunde, karanga na viazi vitamu. Mizizi ya kunde na karanga ina vinundu, na bakteria waliomo humo huchukua naitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo. Kuanzia 1906, gari la kukokotwa na wanyama lilipeleka mafunzo hayo vijijini. Sisi watu wa redio tunalionea wivu gari hilo.

Lakini karanga zikizidi zitauzwa wapi? Hapo Carver akajifungia maabara. Alikamua mafuta, akatenga wanga, akajaribu sabuni, vipodozi, wino, gundi na rangi za nguo. Wanga wa viazi, kama wa mihogo yetu, ndio kanji ya kunyooshea nguo. Ukiupika na maji unapata gundi ya karatasi. Vitu ambavyo leo viwanda vingi hutengeneza kwa kemikali za petroli, yeye alivitafuta shambani.

Tuseme ukweli: vingi havikufika dukani. Kanuni nyingi za utengenezaji hakuziandika, na hataza alizopata ni 3 tu. Siagi ya karanga anayosifiwa nayo si yeye aliyeivumbua. Kwetu sisi, ushauri wake wa shamba ndio mzito zaidi, pamoja na kijitabu chake cha 1916 kilichoeleza jinsi ya kulima karanga na njia 105 za kuziandaa kwa chakula.

Carver hakuoa. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, na akiba yake akaiachia taasisi ya utafiti aliyoianzisha hapo Tuskegee.