Muyaka angezaliwa Kibera, tungemtambua?

Imeota mizizi katika shule zetu dhana kwamba ubunifu una makao yake maalumu. Huaminika kuwa ushairi hukaa vitabuni na sayansi hukaa maabarani, na kwamba mtoto anayetoka katika kijiji cha Raila huko Kibera, au katika vichochoro vya Kawangware, sharti kwanza avuliwe lugha aliyokuja nayo ndipo afundishwe kutunga. Dhana hii siikubali hata kidogo. Shahidi wangu ni mzee mmoja wa Mombasa aliyefariki karibu karne mbili zilizopita.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mombasa mnamo 1776 hivi, akafariki mnamo 1840 au karibu na hapo. Kabla yake, tungo zilizothaminiwa na kuhifadhiwa kwa maandishi zilikuwa hasa zile za dini: maisha ya Mtume, mauti, toba na akhera. Watunzi wake aghalabu walikuwa masharifu na wanazuoni, wengi wao wa Pate na Lamu. Nyimbo za harusini, za ngomani na za mabaharia zilikuwapo, ila ni nani aliyejishughulisha kuziandika? Profesa Mohamed Abdulaziz, aliyefundisha isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alieleza katika kitabu chake cha 1979 jinsi Muyaka alivyoutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni.

Na soko hilo lilikuwa na mambo! Muyaka aliishi chini ya utawala wa Mazrui, wakati Mombasa ilipokuwa ikivutana na Lamu, Pate na Seyyid Said wa Omani. Alikuwa rafiki wa watawala hao, na tungo zake zilikuwa silaha. Mnamo 1812 hivi, Mombasa na Pate ziliposhindwa na Lamu katika vita vya Shela, mashairi yalikuwa yakirushwa kutoka mji hadi mji kama mishale, na washairi wa Lamu, Bwana Zahidi Mngumi miongoni mwao, hawakukosa majibu. Mnamo 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, na Muyaka akaishi kuuona utawala aliousifu ukiporomoka. Lakini mtu huyohuyo alitunga pia juu ya mapenzi na ndoa, juu ya ufukara na juu ya rafiki asiyeaminika, akatega na mafumbo ili wenzake wayafumbue. Binafsi nayapenda haya ya pili kuliko yale ya vita. Vita vya Shela vimebaki kwa wanahistoria, ilhali ufukara ungali nasi.

Tutazame na umbo. Bahari aliyoipendelea, ambayo wataalamu wengi wanamsifu kwa kuistawisha, ndiyo ile ambayo wanafunzi wetu huiita tarbia: mishororo 4, kila mshororo mizani 16, zikigawanywa 8 kwa 8, na vina vya kati na vya mwisho. Ubeti mmoja basi una mizani 64, na kila moja ina mahali pake. Muyaka aliweza kufanya hivyo barazani, akimjibu mtu papo hapo. Anayedai kuwa hisabati na ushairi ni maadui na ajaribu kutunga beti 3 za namna hiyo kabla ya kengele ya mapumziko kulia.

Alipofariki, tungo zake zilibaki vinywani mwa watu na katika karatasi chache za hati ya Kiarabu. Zingalipotea zote. Aliyeziokoa ni mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyezikusanya na kumpatia mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor, pamoja na maelezo yake. Hapa ndipo ushairi ulipozaa sayansi. Hati ya Kiarabu haikuwa na herufi za kutosha kwa sauti zote za Kiswahili, na hata hati ya Kirumi tunayoitumia leo huzificha baadhi yake. Katika Kimvita, kaa la moto na kaa wa pwani hayatamkwi sawa: la pili hutoka na pumzi. Kadhalika, sauti ya t ni mbili, moja ulimi ukigusa meno, nyingine ukigusa ufizi. Taylor alibuni alama za kuzitenga sauti hizo. Kazi ya fonetiki ambayo leo hufanywa kwa mitambo ilianza kwa kusikiliza kwa makini maneno ya barazani.

Sasa turudi Raila. Kijana wa huko haambii wenzake stori, huwaambia risto. Mwalimu hukimbilia kalamu nyekundu. Lakini hebu tutazame kilichofanyika: neno limekatwa katika silabi zake mbili, na silabi hizo zikabadilishana nafasi. Kijana huyo anajua silabi ni nini na mpaka wake uko wapi. Siku ya pili mwalimu huyohuyo humfundisha mizani, nazo mizani si chochote ila silabi, na kulalamika kwamba mtoto haelewi. Anayeelewa ni yupi?

Najua nitaambiwa kuwa mtihani unadai Kiswahili sanifu. Ni kweli, na ni wajibu wetu kukifundisha barabara. Mtoto wa Kibera anakihitaji pengine kuliko mwingine yeyote. Hata hivyo tukumbuke kuwa mkutano ulioamua usanifishaji ujengwe juu ya Kiunguja ulifanyika mwaka 1928, tena Mombasa kwenyewe, mjini kwa Muyaka. Kwa kipimo hicho, Kimvita chake kingepungukiwa alama katika karatasi ya insha. Hakuna mwalimu anayethubutu kumsahihisha Muyaka. Mtoto wa Raila tunamsahihisha kabla hajamaliza sentensi, na akishazoea kunyamaza, tunaandika katika ripoti yake kwamba hashiriki darasani.

Mwalimu mmoja mwenye daftari, anayeandika mafumbo na majibizano ya vijana wa mtaa wake kama yasemwavyo, pamoja na tarehe na maelezo, angefanya kazi ambayo sisi wa chuo kikuu hatujaifanya ipasavyo. Hahitaji ufadhili kuianza. Asitegemee sifa pia. Diwani ya Muyaka ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 baada ya mtunzi kufa, na aliyetajwa kuwa mhariri ni William Hichens. Mwalimu Sikujua alikuwa kaburini tangu 1890.