Mary Wollstonecraft: hoja zake zilitoka nyumbani kwao

Wadau, nimewasikia watu wengi wakidai kuwa haki za wanawake ni nadharia za wasomi waliokosa kazi. Leo naomba nimzungumzie mama mmoja wa Kiingereza, Mary Wollstonecraft. Kila nikimsoma naona yale aliyoyaandika yalimpata kwanza yeye mwenyewe au ndugu zake.

Mary alizaliwa London, mtaa wa Spitalfields, tarehe 27 Aprili 1759. Babu yake alitajirika kwa kazi ya kufuma hariri, lakini baba yake akazitapanya fedha hizo kwenye kilimo kilichomshinda. Isitoshe, mzee huyo alikuwa mlevi na akimpiga mkewe. Binti alikuwa akilala karibu na mlango wa chumba cha mama yake ili amkinge. Kwenye urithi wa babu, kaka mkubwa alipata fungu lake, mabinti hawakuambulia kitu. Kaka akasomea sheria, Mary akasoma kwa kuungaunga.

Mwaka 1784 mdogo wake Eliza, aliyekuwa na mtoto mchanga, alikuwa taabani kwenye ndoa yake. Mary akamtorosha. Lakini sheria ya wakati ule ilisema mtoto ni wa baba, basi kichanga kikabaki, na mwaka huo huo kikafariki. Riwaya yake ya mwisho, aliyoiacha bila kuimaliza, inamhusu mke aliyefungiwa na mumewe katika nyumba ya wagonjwa wa akili na kunyang'anywa mwanawe. Sasa jamani, hayo aliyatoa hewani?

Akafungua shule na wadogo zake, ikafa. Mwaka 1786 akaenda Ireland kuwa mwalimu wa watoto nyumbani kwa familia ya kitajiri ya Kingsborough. Huko akawaona wanawake wenye kila kitu lakini waliolelewa wawe mapambo tu. Mwaka uliofuata akafukuzwa kazi. Akarudi London, na mchapishaji Joseph Johnson akampa kazi ya kuandika na kutafsiri. Mwanamke kuishi kwa kalamu yake enzi zile halikuwa jambo dogo.

Na nyakati nazo zilichangia. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yalitangaza haki za binadamu, lakini mwaka 1791 Talleyrand akapeleka bungeni ripoti ya elimu iliyotaka wasichana waandaliwe kwa maisha ya nyumbani. Mary akamjibu mwaka 1792 kwa kitabu A Vindication of the Rights of Woman. Humo alitaka wavulana na wasichana wasome pamoja katika shule za serikali, na akasema wanawake wanaweza kuwa madaktari. Alisema mwanamke anaonekana dhaifu wa akili kwa sababu amenyimwa elimu, si kwamba kaumbwa hivyo.

Akaenda Paris, akampenda Mmarekani Gilbert Imlay, akamzalia binti mwaka 1794 bila ndoa, akaachwa. Mwaka 1795 alijaribu kujiua mara mbili. Baadaye akaolewa na mwandishi William Godwin, akajifungua binti tarehe 30 Agosti 1797, na siku 11 baadaye akafariki kwa homa ya uzazi. Alikuwa na miaka 38. Binti huyo ndiye Mary Shelley aliyekuja kuandika Frankenstein.

Mwaka 1798 Godwin, kwa mapenzi yake, akachapisha maisha ya mkewe bila kuficha kitu. Ikawa balaa! Wapinzani wakaachana na hoja, wakashika habari za Imlay. Kwa miaka mingi jina lake likawa la aibu, na kitabu kikawekwa kando.

Hapo ndipo mimi naumia. Mwanaume akiandika, tunauliza kaandika nini. Mwanamke akiandika, tunauliza kaolewa na nani. Maisha yake yanatusaidia kuelewa hoja zake zilitoka wapi, ila hayazifanyi kuwa za uongo. Anayetaka kumpinga ampinge kwenye suala la shule, urithi na ile sheria ya mtoto.

Au wenzangu mnaonaje?