Elijah Masinde, mwanasoka wa Kimilili aliyekataa kazi ya lazima

Kama una mdogo wako gredi ya saba, nane au tisa pale Kitale ama Bungoma, basi hii stori ya huduma kwa jamii unaijua. Anatoka nyumbani na jembe ama fyekeo, anarudi jioni matope hadi magotini. Wameng'oa magugu kando ya barabara, ama wameokota chupa za plastiki sokoni, ama wamepanda miche karibu na zahanati. Wao wanaiita CSL, na mtaala unasema ni kujitolea. Lakini ukikosa kwenda, utaeleza mwalimu. Sasa watoto si wajinga, wanauliza: kujitolea kwa lazima ni kujitolea gani?

Usiwacheke. Kuna mtu wa hapa hapa kwetu aliyebeba swali kama hilo maisha yake yote, na likampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, kisiwani Lamu, na jela mara nyingi kuliko unavyodhani. Jina lake umelisikia kwa wazee, labda kama mganga, labda kama nabii. Mimi nataka umjue Elijah Masinde kwa upande wa jembe.

Alizaliwa karibu na 1910 Kimilili, miongoni mwa Wabukusu. Alilelewa karibu na misheni ya Friends, hawa Waquaker ambao makanisa yao yamejaa Bungoma mpaka leo. Na alikuwa mchezaji mkali, maze. Aliongoza timu ya Kimilili kama nahodha, na mwaka wa 1930 akachezea Kenya dhidi ya Uganda. Fikiria kijana wa miaka ishirini hivi, anatoka kijijini anavaa jezi ya nchi ambayo hata haimtambui kama raia kamili. Angetulia hapo, leo tungemkumbuka kama staa wa zamani tu.

Ila mazingira hayakumwachia nafasi ya kutulia. Ukipanda matatu Webuye kwenda Kitale, ukapita Kamukuywa na Kiminini, unaona mashamba ya mahindi yamenyooka mpaka macho yachoke. Wakati huo mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa ya walowezi Wazungu, na mikono ya kuyalima ilitoka upande wa Bungoma. Wengine walienda kwa mshahara mdogo, wengine kwa sababu kodi ya serikali ililipwa kwa pesa taslimu na pesa zilikuwa huko.

Halafu kulikuwa na kazi ya chifu. Sheria ya mwaka wa 1912 ilimpa chifu uwezo wa kuita watu wafanye kazi za kijiji bila malipo, hadi siku 24 kwa mwaka: barabara, madaraja, vyanzo vya maji. Ukisoma hivyo haraka haraka unaona ni kitu kizuri. Barabara ni yetu sote, si ndiyo? Tatizo ni kwamba chifu aliteuliwa na serikali, na kazi yenyewe iliamuliwa huko juu. Mzee wa boma alisikia tu kwamba kesho anahitajika.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mambo yakakaza zaidi. Kuanzia 1942 serikali iliruhusu Waafrika wachukuliwe kwa lazima kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, kwa hoja kwamba vita vinahitaji chakula. Na nyumbani nako kulikuwa na amri za kilimo. Mojawapo ilihusu gugu, ndiyo, gugu! Lile refu lenye harufu kali na vimaua vya manjano, lililotoka Amerika, ambalo hata leo ukilishika mikono inanuka siku nzima. Watu waliamriwa waling'oe. Masinde na wenzake wakakataa. Wakakataa pia kuchukuliwa kwenda kazi za lazima.

Hapa nataka utulie kidogo, kwa sababu ni rahisi kusema jamaa alikuwa mvivu ama mbishi tu. Wabukusu walijua kazi ya pamoja tangu zamani. Mtu akiwa na shamba kubwa la kupalilia, anaita majirani, busaa inapikwa, watu wanalima wakiimba, na wiki ijayo zamu ni ya mwingine. Hakuna aliyeandikisha majina. Ulienda kwa sababu ulijua shamba ni la nani, na ulijua kesho watakuja kwako. Gugu la mwaka wa 1944 ni lile lile ambalo mtu angeling'oa mwenyewe shambani kwake bila kusukumwa. Kilichobadilika ni nani alisema ling'olewe, na kama kuna mtu aliuliza mwenye shamba.

Na si mawazo ya kijijini tu haya. Mwaka ule ule wa 1930, Masinde akikimbiza mpira, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha kule Geneva mkataba wa kupinga kazi ya lazima, na Uingereza ikauidhinisha 1931. Mkataba huo hauhesabu huduma ndogo ndogo za kijiji kama kazi ya lazima, lakini kwa sharti: wanakijiji wenyewe au wawakilishi wao wawe na haki ya kuulizwa kama kazi hiyo inahitajika. Sharti lenyewe ni hilo tu, kuulizwa. Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, sitajifanya wakili, lakini hilo hata mtoto wa gredi ya saba analielewa.

Masinde hakuulizwa. Mwaka wa 1945 serikali ilimpeleka Mathari, Nairobi, hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikaa huko mpaka 1947. Aliporudi alikuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, dini iliyorudisha watu kwa mizimu ya babu zao na kuwaambia wazungu waondoke. Mwaka huo huo aliongoza maelfu ya watu kwenda kuomba na kuwakumbuka waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka wa 1895, katika vita vya Lumboka na Chetambe karibu na Webuye. Februari 1948, polisi walifyatulia umati risasi pale Malakisi na watu 11 wakafa. Siku chache baadaye Masinde akakamatwa, dini ikapigwa marufuku, yeye akapelekwa Lamu.

Sitakupakia sukari. Kipindi hicho majengo ya misheni na ya serikali yalichomwa, na wafuasi wake ndio waliolaumiwa. Kuna familia Bungoma ambazo ukimtaja Masinde hazitabasamu, na zina haki. Kukataa jembe la mkoloni ni kitu kimoja, kuchoma darasa la mtoto wa jirani ni kingine kabisa.

Alikaa kizuizini zaidi ya miaka 10 na kurudi uhuru ukikaribia. Ungedhani sasa atapigiwa makofi. Serikali mpya iliruhusu Dini ya Msambwa 1964, ikaipiga marufuku tena 1968, na Masinde akaendelea kuingia na kutoka jela chini ya Waafrika wenzake. Hakuwa mtu wa kufuata amri kwa sababu tu bendera imebadilika. Alifariki mwaka wa 1987.

Sasa rudi kwa mdogo wako na fyekeo lake. CSL si kazi ya mkoloni, na mtu akikuambia Katiba inakataza, ni kweli kifungu cha 30 kinapiga marufuku kazi ya kulazimishwa, lakini mtoto kufagia soko kama sehemu ya masomo si utumwa, tusitie chumvi. Na ukiangalia mpango wenyewe ulivyoandikwa, hatua ya kwanza ya mradi wa darasa si kubeba jembe. Ni wanafunzi kukaa chini, kutaja shida zinazosumbua shule na mtaa wao, kuchagua moja, kisha kupanga watakavyoitatua. Kukusanya habari, kutekeleza na kuandika ripoti ni baadaye.

Yaani zile kelele za kuuliza zimewekwa ndani ya mtaala kabisa. Lakini katika shule nyingi hatua hiyo inarukwa, kwa sababu muda ni mfupi, walimu ni wachache, na nyasi za uwanjani zinahitaji kukatwa kabla ya mkutano wa wazazi. Kwa hivyo darasa linaambiwa mje na fyekeo Ijumaa, na kazi ya usafi ya kawaida inaitwa mradi.

Leo jioni muulize: hiyo shida mliyoenda kutatua, ni nani darasani aliitaja kwanza? Akikupa jina la mwenzake, mpe chai akaoge. Akinyamaza, mwambie ana haki ya kuinua mkono Jumatatu na kuuliza, kwa adabu, maana mwalimu naye pia anatumwa. Na kama anatoka Kimilili, anaweza kupendekeza mradi wa kwenda kwa wazee wanaomkumbuka Masinde na kuandika wanachosimulia, kwa kuwa walioona enzi zile wamebaki wachache.